Sura ya Sita: Mfupa Uliotoka Nusu

Mfupa ukitoka wote, kila mtu huona. Bega hushuka, kiwiko hukaa vibaya, kidole huelekea kusiko, na hata mtoto wa darasa la pili atasema huyu apelekwe hospitali. Mfupa uliotoka nusu hauna makelele hayo. Mtu huinuka, hujipangusa matope, hukanyagia kisigino mpaka nyumbani, na jioni mguu ukishavimba huambiwa ameteguka tu, akandwe atapona. Siku ya tatu uvimbe hupungua kidogo, na wote wakaamini kwamba dawa imefanya kazi. Miezi sita baadaye mtu huyo huyo hawezi kuteremka mlima bila kushika mti.

Sura hii inahusu jeraha moja la namna hiyo: kutenguka nusu kwa mifupa ya katikati ya wayo. Madaktari huliita jeraha la Lisfranc. Si la kila siku, lakini lina hila, na hila yake ni moja: mguu ukilala huonekana mzima, ukisimama ndipo unaposema kweli. Anayelishika hilo atakuwa ameshika nusu ya tiba.

Londiani na kazi za kusimama

Londiani iko juu, yapata mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, pale nyanda za Mau zinapoanza kuteremka kuelekea Kericho na Ziwa Victoria. Reli ya kwenda Kisumu ilipita hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, Londiani ndiyo iliyokuwa stesheni ya kushushia mizigo ya Uasin Gishu, ikapandishwa huko kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Baadaye pakajengwa chuo cha misitu, na hadi leo msitu ni sehemu ya maisha ya mji: kupanda miche, kukata magogo, kuyapakia. Pembeni mwa msitu kuna viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukishuka upande wa Kericho unaingia kwenye chai, na ukiendelea kusini unaikuta tena mpaka Bomet.

Kazi zote hizi hufanywa kwa kusimama, kwenye mteremko, juu ya udongo ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka umelowa. Mchumaji wa chai hakai chini mpaka kikapu kijae na majani yafike kituo cha kupimia. Mkamuaji huingia zizini alfajiri akiwa na gambuti, kwenye tope linaloteleza. Mguu hapa ni mtaji, na mtaji huo una njia zake za kuharibika.

Chukua kisa kidogo kabisa, shimo la fuko. Fuko huchimba njia zake chini ya shamba na juu huacha ganda jembamba la udongo. Mtu anayeteremka na mzigo mgongoni akilikanyaga kwa ncha ya mguu, vidole huzama, kisigino hubaki juu, na uzito wa mwili pamoja na mzigo hushukia wayo uliosimama wima. Kitu lazima kipinde. Kifundo kikikataa, hupinda katikati ya wayo.

Pikipiki hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Inapolala kwenye kona yenye matope, wayo wa dereva au wa abiria hunaswa kwenye chuma cha kukanyagia. Mwili unakwenda mbele, mguu unabaki nyuma, na katikati yake panajipinda. Gogo likiteleza kwenye lori likaangukia wayo, halina haja ya kupinda chochote: huponda moja kwa moja. Gambuti ya kawaida ni mpira mtupu juu ya vidole, na mpira hauzuii gogo. Kinachozuia ni buti la kazi lenye kofia ya chuma mbele, na hata hilo hulinda vidole zaidi kuliko sehemu ya kati.

Wapo pia wakimbiaji. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, na tangu hapo vijana wa milima hii hawajaacha kukimbia barabarani asubuhi. Katika kila hatua ya mkimbiaji kuna nukta ambapo kisigino kimekwisha kuinuka na nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili au zaidi inapita katikati ya wayo kwenda kwenye vidole. Wayo wenye afya huibeba nguvu hiyo maelfu ya mara. Akikanyaga jiwe vibaya mara moja tu, huenda kano ikachanika bila mfupa wowote kuvunjika, naye akadhani ameumia msuli.

Kilichofungwa ndani ya wayo

Kila wayo una mifupa 26. Nyuma kuna kisigino na mfupa unaobeba muundi. Mbele kuna vidole, na nyuma ya kila kidole mfupa mmoja mrefu, jumla mitano. Katikati kuna mifupa mitano mifupi iliyobanana. Pale mirefu inapokutana na mifupi kuna mstari wa viungo unaoukatiza wayo kutoka upande wa ndani hadi wa nje, na hapo ndipo pa jeraha letu. Ukitaka kupajua, vua kiatu, weka kidole chako kwenye mfupa ulio nyuma ya kidole gumba cha mguu, ukipandishe taratibu kuelekea kifundo. Karibu nusu ya njia utagusa kituta kidogo. Umefika.

Mstari huo haukunyooka. Shina la mfupa mrefu wa pili limeingia ndani zaidi kuliko majirani wake, likabanwa huku na huku na mifupa mifupi. Kazi yake ni ile ya kabari inayokaza mpini wa jembe: kipande kidogo, lakini kikilegea jembe zima linacheza, na linaendelea kuonekana jembe mpaka siku ya kulima.

Mfupa huo hushikiliwa na kano moja nene inayotoka mfupa mfupi wa ndani, ikapita kwa mshazari na kujifunga kwenye shina la pili. Mashina ya mfupa wa pili hadi wa tano yamefungwa pia kwa kano zinazokwenda kutoka moja hadi jingine. Kati ya la kwanza na la pili hakuna kano kama hiyo, kwa hiyo ile ya mshazari ikikatika, wa kwanza na wa pili huachana. Kano za upande wa chini nazo zina nguvu kuliko za upande wa juu, ndiyo maana mifupa inapotoka mara nyingi huinuka kwa juu. Na katika mwanya ule ule kati ya wa kwanza na wa pili hupita mshipa wa damu unaotoka juu ya wayo kwenda chini yake. Jeraha la hapa, basi, si la mifupa peke yake.

Daktari wa Napoleon

Jacques Lisfranc alizaliwa Ufaransa na akawa daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon. Wakati ule mguu ulioanza kuoza ulikuwa hukumu ya kifo usipokatwa upesi, na kukata kulimaanisha msumeno. Dawa ya usingizi ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 1846, mwaka mmoja kabla hajafa, kwa hiyo mgonjwa aliyaona na kuyasikia yote. Lisfranc alionyesha kwamba sehemu ya mbele ya wayo ingeweza kuondolewa kwa kufuata mstari ule wa viungo, kisu kikipita kati ya mfupa na mfupa, bila msumeno na kwa muda mfupi sana. Njia hiyo aliieleza mwaka 1815.

Miongoni mwa wanajeshi wa farasi lilikuwepo jeraha linalojulikana: mpanda farasi huanguka, wayo unabaki kwenye kikuku, na uzito wa mwili unaukunja pale katikati. Jina la daktari aliyepasua pale likabaki kuwa jina la kiungo, kisha la jeraha lenyewe. Vikuku vimepungua duniani, lakini kila stendi ya bodaboda kati ya Londiani na Litein imejaa vyuma vya kukanyagia.

Kwa nini halionekani

Sababu ya kwanza ni uchache wake. Hesabu inayotajwa sana katika vitabu vya mifupa ni mgonjwa mmoja kwa kila watu 55,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kericho na watu zaidi ya 900,000, kwa hiyo kwa kipimo hicho wangetarajiwa wagonjwa kama 16 kwa mwaka katika kaunti nzima, wamegawanyika kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali zote. Hesabu hiyo imetoka nchi ambazo hazina bodaboda wengi wala miteremko ya chai, na huenda yetu ikawa kubwa zaidi. Hata ikiongezwa mara mbili, afisa wa kliniki katika kituo kimoja anaweza kukaa mwaka mzima bila kumwona mgonjwa hata mmoja, huku walioteguka kifundo wakija kila wiki. Si ajabu kwamba, hata kwenye hospitali zenye vifaa, takriban jeraha moja kati ya matano ya aina hii hukosekana siku ya kwanza.

Sababu ya pili ni ajali kubwa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likagonga magari, pikipiki, wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa, na majeruhi wakapelekwa hospitali za Londiani, Kericho na kwingineko. Usiku kama ule madaktari hutafuta kwanza pumzi, damu inayovuja, kichwa na tumbo, na ndivyo inavyopaswa. Wayo uliovimba husubiri. Kwa hiyo yeyote aliyenusurika ajali kubwa anastahili kuchunguzwa upya kutoka utosini hadi vidoleni, siku moja au mbili baadaye, akiwa ametulia na anaweza kusema panapouma. Nduguye aliyeketi kando ya kitanda ana haki ya kuuliza: "Daktari, na miguu imeangaliwa?"

Sababu ya tatu ni kipimo chenyewe. Eksirei imekuwepo tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mwaka 1895, nasi tumezoea kuamini kwamba picha haidanganyi. Lakini mgonjwa mwenye maumivu hupigwa picha akiwa amelala, mguu haujabeba kitu, na mifupa iliyolegea hurudi mahali pake yenyewe. Picha inatoka safi. Mgonjwa anarudi nyumbani na bandeji na tembe za kupunguza maumivu.

Kuusoma wayo

Uchunguzi mzuri huanza na maji. Wayo uliotoka shambani una tope, na dalili yenye thamani kuliko zote imejificha chini yake. Mwoshe mgonjwa unyayo, ukaushe, kisha utazame upande wa chini, katikati, pale tao la wayo linapoinuka. Ukiona damu imevilia hapo, doa la zambarau au jeusi ambalo mgonjwa mwenyewe hajaliona, chukulia kwamba kano za kati zimechanika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuteguka kifundo huvilisha damu pembeni, chini ya kile kifundo chenyewe. Hakuvilishi katikati ya unyayo.

Pili, bonyeza. Kwa aliyeteguka kifundo, maumivu yapo kifundoni. Kwa huyu yapo juu ya wayo, kwenye kile kituta ulichokitafuta kwa kidole. Ukikishika kisigino kwa mkono mmoja na kuizungusha sehemu ya mbele taratibu kwa mkono wa pili, atashtuka. Usiendelee: umeshajibiwa.

Tatu, mwombe asimame.
"Mama, jaribu kusimamia vidole vya mguu huo."
"Siwezi, daktari. Nikikanyaga chote naweza kidogo, lakini vidole, hapana."
Jibu hilo ni nusu ya uchunguzi. Kusimamia vidole kunaupitisha uzito wote kwenye mstari ule wa viungo, na mstari uliolegea haukubali. Tazama pia vidole viwili vya kwanza: pengo kati yao likiwa pana kuliko la mguu wa pili, mifupa yao imeachana.

Hapa wahudumu wengi huongozwa na kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada miaka ya 1990 kuamua nani apigwe picha. Moja ya vipimo vyake ni kama mgonjwa anaweza kutembea hatua nne. Ni kanuni nzuri, imewaepushia wengi gharama. Lakini mtu aliyezoea kazi ngumu, mwenye wayo uliotenguka nusu, anaweza kutembea hatua nne kwa kisigino, huku akikuambia si kitu. Doa chini ya unyayo lina uzito kuliko hatua nne.

Kisha picha. Ombeni picha ya kusimama, miguu yote miwili pamoja, uzito umegawanywa sawa, halafu picha ya mshazari na ya ubavuni. Mguu mzima ndio kipimo cha mguu mgonjwa, kwa maana watu hawakuumbwa sawa. Anayesoma picha hufuata mistari miwili. Ukingo wa ndani wa mfupa mrefu wa pili unapaswa kuwa mstari mmoja na ukingo wa ndani wa mfupa mfupi ulio nyuma yake. Kwenye picha ya mshazari, ukingo wa ndani wa mfupa wa nne unapaswa kulingana na ukingo wa ndani wa mfupa mfupi wa nje. Mwanya kati ya wa kwanza na wa pili ukizidi ule wa mguu mzima kwa milimita 2, nafasi ya vistari viwili tu kwenye rula ya mwanafunzi, hilo ni jeraha. Wakati mwingine kuna kipunje cha mfupa kinachoelea ndani ya mwanya: kano imekatika na kung'oa kipande ilichokuwa imeshikilia.

Mgonjwa asipoweza kusimama siku ya kwanza kwa maumivu, asilazimishwe. Afungwe bamba la plasta, asikanyage, arudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne apigwe picha akiwa amesimama. Panapobaki shaka, skani ya CT huonyesha vipande vidogo vya mfupa, na MRI huonyesha kano yenyewe.

Saa za kwanza

Kabla ya kufika hospitali mambo machache yanatosha. Vueni gambuti mapema, kabla uvimbe haujaifunga, na ikikataa ikatwe. Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, juu ya mito au gunia la majani makavu. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kiwekwe kwa dakika 15 hadi 20 na kurudiwa, na maji ya Londiani asubuhi hayahitaji barafu. Ubao mwepesi au kadibodi nene ifungwe kuuzuia wayo usicheze. Asikanyage, abebwe.

Asikandwe pia. Wapo wazee na akina mama katika kila kijiji wenye mikono mizuri, na wengi wamewasaidia watu kwa maumivu ya mgongo na misuli. Lakini kukanda hufanya kazi panapotakiwa kulegezwa, na hapa kano zimeshalegea kupita kiasi. Kila kuvuta na kusukuma kunaongeza mwanya na kuongeza damu ndani ya wayo.

Zipo dalili zinazotaka hospitali usiku ule ule, mvua inyeshe isinyeshe. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua na yasiyosikia dawa, hasa vidole vikiguswa au kunyooshwa. Vidole baridi, vilivyopauka au vilivyokufa ganzi. Ngozi iliyovutwa mpaka inang'aa. Uvimbe umefungia nyama ndani, damu haipiti, na saa chache zikipita nyama hufa. Jeraha lililo wazi nalo halingojei asubuhi: linahitaji kuoshwa, dawa ya kuua bakteria na sindano ya pepopunda.

Plasta au skrubu

Swali linaloamua tiba ni hili: je, mifupa inabaki mahali pake mgonjwa akisimama?

Ikibaki, kano zimenyooka au kuchanika kidogo bila kuachia. Mgonjwa hufungwa plasta au buti maalumu, na kwa kawaida hakanyagi kwa wiki sita hivi. Ndani ya muda huo, baada ya wiki mbili, apigwe tena picha ya kusimama, kwa sababu jeraha lililokuwa tulivu linaweza kufunguka. Miadi hiyo ndiyo wagonjwa wengi wanayoiacha, maana maumivu yamepungua na nauli ni ghali. Isiachwe. Baada ya wiki sita huanza kukanyaga kidogo kidogo, akiwa na kiatu kigumu chenye kuubeba wayo, na mazoezi ya kuurudishia mguu nguvu. Mkimbiaji ajiandae kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwenye mbio.

Isipobaki, plasta peke yake haitoshi. Plasta hushika ngozi na nyama, haiwezi kushika kabari iliyoachia. Mgonjwa apewe rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa. Katika nchi hii ya chai njia za rufaa zinajulikana: hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho, Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, au hospitali ya rufaa na mafunzo ya Moi kule Eldoret. Upasuaji mara nyingi haufanywi siku ile ile. Husubiriwa uvimbe ushuke, wiki moja hadi mbili, na alama yake ni rahisi: ngozi ya juu ya wayo ikianza kukunjika makunyanzi, iko tayari kukatwa na kushonwa. Kumkata mtu ngozi ikiwa bado imevutwa ni kutafuta kidonda kisichofunga.

Daktari hurudisha mifupa mahali pake na kuishikilia kwa skrubu, au kwa mabamba ya chuma yanayopita juu ya viungo. Upande wa nje wa wayo, ambako mfupa wa nne na wa tano huhitaji kucheza kidogo mtu anapotembea, hushikiliwa kwa vijiti vyembamba vya chuma vinavyotolewa baada ya wiki kadhaa.

Kuna njia nyingine: kuviunganisha moja kwa moja viungo vya upande wa ndani viwe mfupa mmoja. Msomaji atashtuka, mbona kiungo kiuawe? Lakini viungo hivyo vitatu vya ndani huwa havichezi sana hata kwa mtu mwenye wayo mzima, na kano zilizokatika hupona kwa shida kuliko mfupa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Ly na Coetzee, walichapisha matokeo ya wagonjwa 41 walioumia kano tu. Walioungwa mifupa walisema wamerudia asilimia 92 ya shughuli zao za awali, waliofungwa skrubu asilimia 65. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mabingwa wanaendelea kubishana. Kwa mgonjwa inatosha kujua kwamba njia zote mbili zipo, na kwamba ana haki ya kuuliza kwa nini daktari amechagua moja.

Majeraha yanayofanana nalo

Si kila maumivu ya kati ni Lisfranc. Upande wa nje wa wayo kuna mfupa mfupi wenye umbo la mchemraba, ambao nao unaweza kusogea kidogo baada ya kifundo kuteguka. Huwapata wakimbiaji na wachezaji ngoma, huuma ubavuni mtu anapojisukuma mbele, na eksirei mara nyingi haionyeshi kitu. Huyu hupona vizuri: mtaalamu wa viungo akishahakikisha hakuna kilichovunjika hurudisha mfupa kwa mkono, kisha hufunga utepe na kumpa kiatu kizuri.

Mwenye kisukari ni habari nyingine. Mishipa yake ya fahamu ikifa, mifupa ya katikati ya wayo inaweza kuachana bila ajali wala maumivu makubwa. Wayo huwa mwekundu, wa moto na umevimba, na mara nyingi huchukuliwa kuwa una usaha. Mgonjwa wa kisukari mwenye wayo mmoja wa moto aache kuukanyaga siku ile ile na apelekwe kwa daktari, hata kama anatembea vizuri.

Wiki sita za nani?

Jeraha likikosekana au likipuuzwa, mifupa iliyoachana husuguana, gegedu hulika, tao la wayo hushuka na wayo ukawa bapa. Maumivu huja kwenye miteremko, asubuhi za baridi, mwisho wa siku ya kuchuma. Tiba inayobaki ni ile ya kuunga viungo, sasa kwenye mguu uliokwisha kupinda, kwa upasuaji mgumu na matokeo yasiyolingana na yale ya mapema. Hata aliyetibiwa vizuri anaweza kupata sehemu ya maumivu hayo baada ya miaka, lakini tofauti kati ya wawili hao ni kati ya anayefanya kazi akilalamika na asiyefanya kazi.

Kwa hiyo gharama lazima ziangaliwe kwa uwazi. Aliyeumia kazini, kwenye shamba la kampuni, kiwandani au msituni, analindwa na sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Aitoe taarifa mara moja na ahakikishe imeandikwa, kwa kuwa jeraha lililogunduliwa wiki ya tatu bila maandishi ya siku ya kwanza ni vigumu kulithibitisha. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda cha chai cha KTDA ni mwajiri wa nafsi yake, hana wa kumdai. Kinga yake ni bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 inaendeshwa na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), na michango inayolipwa kabla ya ajali.

Bima hailipi ng'ombe akamuliwe. Madaktari wengi hapa watakuambia kwamba plasta hazivunjwi na ubishi wa mgonjwa, huvunjwa na kazi. Mama aliyeambiwa asikanyage wiki sita ana ng'ombe wawili, vichaka vya chai vinavyorudiwa kila baada ya wiki moja au mbili, na njia ya matope kutoka mlangoni hadi chooni ambayo magongo yenye mpira uliolika hayaiwezi. Akikanyaga wiki ya tatu, si mkaidi: hakuna aliyesaidia. Hivyo basi tiba ina orodha yake ya nyumbani. Nani atachuma, na atalipwaje. Nani atakamua. Njia ya chooni imwagwe kokoto au ipigwe vigingi vya kushika. Magongo yawekwe mpira mpya. Nauli ya miadi ya wiki ya pili itengwe mapema. Mpango huo ufanywe siku ile ile plasta inapofungwa, mume au mkwe au kaka akiwepo, kabla mgonjwa hajapanda gari kurudi nyumbani.